Kanji Niliyoiruka

Kila siku nikitoka shule nilivua viatu mlangoni na kupaza sauti, "Nimerudi!" Bibi aliitika kutoka jikoni, "Umerudi salama? Nawa mikono." Ilikuwa saa tisa u nusu au hapo karibu. Nikishanawa, nilitoa mkobani kadi ya kusoma kwa sauti, nikaenda kwenye droo iliyo chini ya picha ya Babu, nikachukua muhuri wa Bibi na kuugonga kwenye kisanduku cha siku ile. Kisha nikawasha televisheni. Huo ndio uliokuwa utaratibu wangu nilipokuwa darasa la tano, na hata leo ninapouandika uso unanichoma.

Maana kadi ile haikutaka muhuri tu. Ilitaka kwanza nisome kurasa za kitabu kwa sauti, mtu mzima anisikilize, ndipo agonge. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na alirudi jioni. Baba alikuwa Tokyo, tukimwona mwisho wa mwezi. Msikilizaji wangu alikuwa Bibi Kiyono, mama yake baba, ambaye alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili na akingoja kupasuliwa mwezi wa Desemba.

"Kisanduku chenyewe sikioni, nitagonga meza bure," aliniambia mwezi wa Aprili, mwaka wa masomo ulipoanza. "Lakini masikio yangu mazima. Wewe soma. Nikishasikia, gonga mwenyewe."

Aprili nilisoma kweli. Mei nikaanza kuruka. Kanji, zile herufi zetu zenye asili ya Kichina, ni nyingi jamani, na darasa la tano peke yake zinaongezeka karibu mia mbili. Nikikuta nisiyoijua niliimeza, nikadaka herufi rahisi za hiragana zilizoifuata, sentensi ikatoka kama ya mtu anayeongea huku anatafuna. Juni nikagundua kwamba ningeweza kurudia ukurasa wa zamani niliokwisha kuukariri, na Bibi asijue. Kufika Septemba sikusoma hata mstari mmoja.

"Umeshasoma leo?" aliuliza akikata figili.

"Nimesoma chumbani, Bibi."

"Haya, gonga."

Nikagonga. Na niligonga vizuri! Mihuri yangu ilikuwa myekundu, imenyooka, katikati kabisa ya kisanduku, na jina la ukoo wetu, Nirasawa, likisomeka bila doa. Siku moja Mwalimu Honma aliiinua kadi yangu mbele ya darasa. "Tazameni kadi ya Wakana," alisema. "Tangu Aprili hakuna siku hata moja iliyokosekana. Hivi ndivyo mtu anavyojenga tabia ya kusoma." Wenzangu wakapiga makofi. Sayo, jirani yangu wa dawati, alipiga polepole akinitazama kwa pembe ya jicho.

"Siku zote hizo hukukosa?" alininong'oneza. "Basi mbona kila kipindi unachungulia daftari langu?"

"Nyamaza wewe," nikamkanyaga mguu.

Mwezi wa Novemba, samaki wa salmoni walipokuwa wameshaning'inizwa barazani kwa watu wote wa mji wetu wa Murakami ili wakaushwe na upepo, barua ilifika. Bibi aliipapasa bahasha, akanusa karatasi, akatabasamu. Ilitoka kwa Bi Tomoe wa Sakata. Wawili hao walikutana wakiwa na miaka kumi na mitano, katika kiwanda cha nyuzi, wakilala chumba kimoja na kugawana godoro wakati wa baridi. Sasa Bi Tomoe alikuwa haisikii simu hata ukimpigia kelele, kwa hiyo aliandika. Mwaka wa nyuma Bibi alijisomea barua zake mwenyewe. Mwaka huu alinikabidhi mimi.

"Nisomee, mjukuu wangu. Wewe ndiye macho yangu."

Niliketi nimekunja magoti, nikasoma. Bi Tomoe alikuwa ameandika kwamba mwanawe anamchukua akaishi naye Kagoshima, kule kusini kabisa, na kwamba kwa umri wake hatarajii kurudi tena. Akiwa njiani angeteremka Murakami, akae saa mbili, kisha apande treni nyingine. Halafu barua ikataja siku yenyewe. Niliona kanji mbili za "wiki ijayo", ambazo nilizijua tangu darasa la pili, na neno Jumamosi. Lakini mbele ya zile mbili kulikuwa na kanji moja zaidi, kama kidirisha kilichotokeza kijiti kulia na kushoto. Sikuijua. Nilisita.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Bibi.

"Ni mwandiko wake tu, Bibi. Umebanana." Nikairuka. "Anasema Jumamosi ya wiki ijayo, treni ya saa nne na dakika kumi asubuhi."

Bibi alipiga makofi mara moja kama mtoto. Alinitaka niandike jibu kwenye postikadi, maneno machache tu: Njoo, nitakungoja stesheni. Niliandika yote kwa hiragana, nikaitia kwenye sanduku la posta, nikaenda zangu kutazama televisheni.

Jumamosi ile Bibi aliamka kabla ya kuku, ingawa mtaani kwetu hakuna kuku. Alivaa kimono yake ya kijivu ambayo hakuitoa sandukuni tangu mazishi ya Babu. Alifunga kwenye kitambaa matonge ya wali, vipande vya salmoni wa chumvi na figili za kachumbari, kwa sababu Bi Tomoe alizipenda tangu ujana. Mama alikuwa zamuni, hivyo nilimshika mkono Bibi tukaenda. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikitupiga usoni.

Treni ya saa nne na dakika kumi ilifika. Wakashuka wanafunzi wawili, mwanamume mwenye mkoba, na mama mmoja na mtoto mgongoni.

"Yuko wapi? Amevaa nini?" Bibi aliuliza, macho yake meupe yakielekea upande usiokuwa na mtu.

"Bado, Bibi."

"Huyo ni mzito siku zote. Labda amepitiwa na usingizi, atakuja na inayofuata."

Hakuja na inayofuata. Mfanyakazi wa stesheni alimsihi Bibi aingie ndani penye joto, naye akakataa, eti Tomoe akishuka asimwone mtu atadhani amesahauliwa. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Matonge ya wali yakawa magumu. Tulipofika nyumbani Bibi aliliweka lile furushi mbele ya picha ya Babu bila kulifungua.

Usiku alianza kukohoa. Asubuhi Mama alimwambia Bibi, "Mama, nipe hiyo barua niitazame. Huenda kuna kitu kimekosewa."

"Kikosewe nini?" Bibi alijibu kutoka kitandani. "Wakana ameisoma. Mtoto hajakosa kadi yake ya kusoma hata siku moja, leo akosee barua? Tomoe ameona safari ndefu, akapita moja kwa moja. Mwacheni. Watu wakizeeka hupunguza mizigo." Kisha akageukia ukutani.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai yake. Mihuri yote ile niliyoigonga ilinijia machoni kwa pamoja. Hata hivyo nilijiambia kwamba sikukosea, kwamba kijikanji kimoja hakiwezi kubadili barua nzima.

Jumatatu Mwalimu Honma aliandika kanji mpya ubaoni. Alichora mstari juu, kisha fremu kama ya dirisha, kisha kijiti kirefu kikatokeza kulia na kushoto.

"Hii maana yake ni 'tena', 'mara nyingine'," alisema. "Neno lake mnalisema kila siku, sasa mlijue kwa macho. Nikiiweka hapa, mbele ya 'wiki ijayo', tunapata nini?"

"Wiki ya baada ya ijayo!" likaitika darasa zima.

Mimi sikuitika. Penseli yangu ikaanguka chini. Sayo aliiokota akanitazama. "Una nini wewe? Umekuwa mweupe kama tofu."

Nilirudi nyumbani mbio. Nilisubiri Bibi alale, nikafungua ile droo na kuitoa barua. Kidirisha kilikuwa pale pale, kimenikodolea macho. Bi Tomoe hakuwa amevunja ahadi. Alikuwa Sakata, akifunga mizigo yake, akijua kwamba Jumamosi hii rafiki yake atamngoja stesheni kama postikadi ilivyosema. Angeshuka, asikute mtu, akae saa mbili peke yake kwenye benchi lile lile, kisha aondoke milele akiamini Bibi yangu ndiye aliyemtupa.

Ungedhani nilimwamsha Bibi papo hapo nikamwambia. Sikumwambia. Kumwambia habari ya barua kungemaanisha kumwambia habari ya kadi, na kadi ilikuwa imeshapigiwa makofi. Jumanne nilinyamaza. Jumatano nikatafuta njia ya mkato.

"Bibi," nilisema kwa sauti tamu, "tuende tena stesheni Jumamosi. Labda aliahirisha."

"Sitaki kuwa kituko mara mbili," alijibu. "Yule kijana wa stesheni alinionea huruma. Katika maisha yangu sijapenda kuonewa huruma." Alikuwa ameikunja kimono ya kijivu na kuirudisha sandukuni, na barua za zamani za Bi Tomoe zote alikuwa amezitia kwenye kopo la biskuti na kulifunga kwa kamba.

Kopo lile lenye kamba ndilo lililonishinda. Alhamisi nilipofika nyumbani sikwenda kunawa mikono. Nilimfuata jikoni, alipokuwa ameanza kusimama tena baada ya homa, nikapiga magoti sakafuni, nikaweka kadi na barua mbele yangu.

"Bibi, Bi Tomoe anakuja keshokutwa."

Mwiko ulisimama mkononi mwake.

"Kulikuwa na kanji nisiyoijua, nikairuka. Hakusema wiki ijayo. Alisema wiki ya baada yake. Hakukusahau, Bibi. Ni mimi." Nilikuwa nikilia hata maneno yakapishana. "Na sijui kusoma vizuri kwa sababu sisomi. Kadi yote ni uongo. Nagonga tu."

Alizima moto. Alipapasa meza mpaka akapata kiti, akaketi.

"Nipe hiyo kadi." Nilimpa. Alipitisha kidole juu ya visanduku, kama vile mihuri ingeweza kumwambia kitu. "Ipi ni ya kweli?"

"Ya Aprili. Na Mei kidogo."

"Kwa hiyo jina letu limekuwa likisema uongo tangu Juni." Hakupandisha sauti. Laiti angenipiga kelele! "Babu yako alinipa muhuri huu siku tuliyooana. Sikuwahi kuugonga mahali bila kujua kimeandikwa nini. Nami nikakuachia wewe, kwa sababu ulikuwa macho yangu."

Nilibaki nimeinamisha paji la uso sakafuni. Sijapata kuona aibu kama ile, na natumaini sitaiona tena.

"Inuka," alisema mwishowe. "Kesho utampelekea Mwalimu Honma kadi hii wewe mwenyewe. Sitakwenda nawe, wala mama yako. Jumamosi tutakwenda stesheni."

"Ndiyo, Bibi. Na kuanzia leo nitasoma saa mbili kila siku! Jumapili nitasoma saa tano!"

Hapo alicheka, kicheko kifupi chenye kikohozi ndani yake. "Kwa siku ngapi? Tatu? Usinidanganye mara ya pili, Wakana. Sogea hapa. Unajua wali wangu unakaa muda gani baada ya kuzima moto?"

"Robo saa. Na mfuniko haufunuliwi."

"Basi robo saa hiyo ndiyo yako. Wali tunapika kila siku, hata tukiwa na homa, kwa hiyo hutasahau. Nikizima moto, unasoma kwa sauti hapa hapa. Kanji usiyoijua usiimeze. Izungushie penseli, uitafute kwenye kamusi, uniambie umekuta nini. Ukipata tatu kwa siku zinatosha. Kesho kabla hujasoma kipya, unaanza na tatu za jana."

"Tatu tu?"

"Ulipokuwa unataka nyingi ulipata ngapi?"

Alifungua kamba ya lile kopo, akanipa barua ya juu. Niliisoma tangu mwanzo, na safari hii nilizungushia penseli kanji kumi na moja. Robo saa ilikwisha nikiwa nusu ya ukurasa. Wali ulikuwa mzuri.

Kesho yake nilisimama mbele ya meza ya Mwalimu Honma wakati wenzangu wakifagia darasa. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, nikitazama viatu vyangu. Alichomoa kadi mpya isiyo na kitu.

"Nami nilisifu bila kukuomba unisomee hata ukurasa mmoja," alisema. "Kosa hilo ni langu. Ile ya zamani kaa nayo. Usiitupe."

Nilipogeuka, Sayo alikuwa nyuma yangu na ufagio, amesikia kila neno. Nilitamani sakafu inimeze.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Anayesoma kila siku haulizi 'hii inasomwaje' mara kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana." Akanipa ufagio wake. "Haya, fagia upande wangu. Hiyo ndiyo adhabu yako kwangu."

Jumamosi hakukuwa na mvua. Treni ya saa nne na dakika kumi ilisimama, mlango ukafunguka, na kikongwe mmoja mdogo mwenye kofia ya sufu akashuka kinyumenyume akivuta sanduku kubwa kuliko yeye. Alitazama huku na huku, kisha akapiga ukelele ulioshtua stesheni nzima, kwa kuwa wasiosikia hawajui sauti yao imefika wapi.

"Kiyono! Mbona umezeeka hivyo!"

"Na wewe bado unapayuka!" Bibi alijibu, na Bi Tomoe hakusikia hata neno. Bibi alinyoosha mikono hewani mpaka ikakutana na kofia ile, kisha mashavu, kisha wote wawili wakawa wanacheka na kufutana machozi.

Tulikaa kwenye benchi. Bi Tomoe aliweza kusema, Bibi akasikia. Lakini Bibi aliposema, rafiki yake hakusikia, na Bibi kuandika hakuweza kwa sababu ya macho yake. Basi mimi nilitoa daftari langu. Bibi alisema, niliandika, Bi Tomoe akasoma akitafuna figili. Kanji nilizozijua niliziandika, nisizozijua nikaandika kwa hiragana, na Bi Tomoe hakulalamika. Mara moja Bibi alisema, "Andika kwamba tulikuja na Jumamosi iliyopita." Niliandika, halafu chini yake, bila kuambiwa, nikaongeza: Kosa langu. Sikujua kusoma barua yako. Bi Tomoe alisoma, akanitazama, akanitia tonge la wali mkononi.

Saa mbili ziliisha upesi mno. Treni ilipoingia Bibi alisema, "Mwandikie kwamba tutakutana tena." Neno hilo lina kanji mbili. Ya pili ni "kukutana". Ya kwanza ni kile kidirisha chenye kijiti kinachotokeza kulia na kushoto. Nilikiandika pole pole, mstari kwa mstari, na machozi yakanitoka juu ya karatasi. Bi Tomoe alisoma, akachana ukurasa ule, akaukunja na kuutia kifuani mwake. Treni ikaondoka naye.

Jioni Bibi alizima moto chini ya sufuria ya wali, nami nikasoma. Nilianza na tatu za jana. Nilipomaliza nilifungua kadi mpya na kumletea muhuri.

"Gonga, Bibi. Nitakuonyesha kisanduku."

Alishika muhuri lakini hakuugonga upesi. "Sikiliza, Wakana. Kutojua kanji si aibu. Mimi mwenyewe kuna nisizozijua mpaka leo. Aibu ni kujifanya unajua, kwa sababu mtu mwingine ataifuata njia uliyomwonyesha, na yeye ndiye atakayekaa kwenye baridi. Ukiruka leo na kesho, hakuna atakayeona. Siku itakapohitajika, hutakuwa nayo. Basi soma kidogo, kila siku, na usinifiche usichokijua."

"Nimekusikia, Bibi."

Niliuongoza mkono wake mpaka karibu na kisanduku, kisha nikauachia. Muhuri ulitua upande, nusu yake nje ya mstari, na jina letu likawa juu chini. Bibi aliuliza kama umekaa sawa. Nilimwambia umepinda sana, na kwamba nitauacha hivyo hivyo.